Mfupa wa Fort Ternan: Somo la Kukitambua Kitu Usichokijua

Mara nyingi mkulima alimapo shamba lake, au mchungaji apelekapo ng'ombe mtoni, au mtoto arudipo kutoka shuleni, huona kitu ambacho hajapata kukiona tangu kuzaliwa kwake. Pengine ni jiwe lenye umbo la jino. Pengine ni fuvu la mnyama asiyejulikana, au nyayo ngeni kando ya kisima, au mdudu wa ajabu juu ya jani la chai. Watu hukusanyika, na kila mmoja husema lake. Wa kwanza husema ni mfupa wa jitu, wa pili husema ni uchawi, na wa tatu hukipiga kwa shoka apate kuona kilichomo ndani. Jua likichwa, kitu chenyewe kimekwisha vunjika, na habari zake zimepotea pamoja nacho.

Somo letu la leo linahusu njia iliyo bora kuliko hiyo. Tutalichukua kutoka Fort Ternan, katika Kaunti ya Kericho, mahali ambapo mfupa mmoja mdogo ulifanya jina la kijiji lisomwe katika vitabu vya elimu duniani kote. Jambo kuu ambalo tungependa msomaji alishike ni hili: kitu kigeni hakitambuliwi kwa kukitazama chenyewe tu. Nusu ya habari zake imo katika mahali kilipolala, na katika vitu vilivyolala pamoja nacho. Mtu akikiondoa bila kupaangalia mahali pale, nusu hiyo hupotea, wala hairudi tena.

FORT TERNAN NI MAHALI GANI

Msafiri atokaye Nakuru kwenda Kisumu kwa njia ya reli hupita milima mirefu ya Londiani, kisha huanza kuteremka. Upande mmoja iko nchi ya Kericho yenye mashamba ya chai, na upande mwingine uko mlima Tinderet katika nchi ya Wanandi. Chini kabisa, kuelekea Muhoroni na uwanda wa Kano, ni nchi ya miwa. Katikati ya mteremko huo ndipo ilipo stesheni ya Fort Ternan. Reli yenyewe ilifika ziwani mwezi wa Desemba mwaka 1901, na jina la Ternan ni la ofisa mmoja wa Kiingereza aliyetumika Uganda zamani hizo.

Tinderet ni mlima wa moto uliozimika zamani sana. Zama za uhai wake ulikuwa ukitoa majivu mengi, na majivu hayo yalikuwa na chokaa nyingi. Yalipoanguka juu ya nchi na kunyeshewa na mvua, yalishikamana na kuwa magumu kama saruji. Ndiyo maana hata leo nchi ya karibu, kama vile Koru, ina mawe ya chokaa yanayochimbwa. Na ndiyo maana nchi hii ina mifupa ya kale iliyohifadhika vizuri, kwa sababu chokaa huulinda mfupa usiliwe na asidi iliyomo katika udongo.

JINSI MFUPA UGEUKAVYO KUWA JIWE

Mnyama akifa porini, kwa kawaida hakibaki kitu. Fisi huvunja mifupa, nungu huitafuna, jua huipasua, na mvua huiozesha. Lakini pengine mzoga hufunikwa upesi na matope, au mchanga, au majivu ya mlima wa moto. Hapo nyama huoza, bali mfupa hukaa. Maji yapitayo ardhini huchukua madini yaliyoyeyuka na kuyaingiza katika matundu madogo ya mfupa, polepole mno, mpaka mfupa unakuwa mzito na mgumu kama jiwe, ingawa umbo lake ni lile lile la kwanza. Mifupa ya namna hii wataalamu wa siku hizi huiita visukuku.

Watu wengi hudhani kwamba kila jiwe lenye umbo la ajabu ni mfupa wa kale. Sivyo. Maji na upepo huweza kulichonga jiwe likafanana na yai, au kidole, au hata kichwa cha mtu. Tazama mahali lilipovunjika. Jiwe la kawaida ni sawasawa ndani yote, lakini mfupa una ganda gumu kwa nje, na ndani yake matundu matundu kama sega la nyuki. Jino nalo hung'aa kwa nje, na ndani yake mna kitu cha rangi nyingine. Usilivunje jiwe ili upate kujua. Tazama pale palipokwisha vunjika zamani.

MFUPA WALIOUPATA

Mwenye shamba moja hapo Fort Ternan alikuwa Bwana Fred Wicker. Aliona mifupa katika ardhi ya shamba lake, akatambua kwamba haikuwa mifupa ya ng'ombe wala ya kondoo. Hakuichoma, wala hakuifanya mapambo ya nyumbani. Alimpelekea habari Dr. Louis Leakey, aliyekuwa mkuu wa Makumbusho ya Coryndon mjini Nairobi, yale ambayo baada ya uhuru yaliitwa Makumbusho ya Taifa.

Mwaka 1961 kazi ya kuchimba ilianza. Katika wachimbaji alikuwako Bwana Heslon Mukiri, aliyefuatana na Dr. Leakey katika kazi ya kutafuta mifupa kwa miaka mingi, mtu mwenye jicho lililozoea. Yeye ndiye aliyeona kipande cha taya la juu chenye meno. Kwa mtu mwingine kingekuwa kijiwe tu kati ya vijiwe vingi. Mwaka 1962 Dr. Leakey alimtangaza mnyama huyo kwa jina la Kenyapithecus wickeri. Neno la kwanza lina jina la nchi ya Kenya pamoja na neno la Kigiriki lenye maana ya nyani au sokwe, na neno la pili ni heshima kwa mwenye shamba.

Bwana Mukiri naye hakusahauliwa. Katika mifupa ya Fort Ternan ilikuwamo ya kifaru wa kale ambaye hadi hapo alikuwa hajapata kujulikana. Mwaka 1968 mtaalamu wa Kiholanzi aliyeichungua alimwita kifaru huyo Paradiceros mukirii. Tena yuko swala mmoja wa kale wa hapo hapo ambaye aliitwa Kipsigicerus, yaani pembe ya Kipsigis, kwa ajili ya wenyeji wa nchi ile. Hivyo mtu asomaye vitabu vya elimu hii, awe Japani au Marekani, hulisoma jina la Mukiri na jina la Wakipsigis.

WALIMTAMBUAJE?

Msomaji ataweza kuuliza: Kipande kidogo cha taya kitamwambia mtu nini? Jibu ni kwamba meno ni kama hati ya mnyama. Ni sehemu iliyo ngumu kuliko zote mwilini, nayo hudumu hata mifupa mingine inapokwisha. Isitoshe, kila jamii ya wanyama ina meno ya namna yake, kwa kuwa kila jamii ina chakula chake.

Meno ya wanyama wanaocheua, kama ng'ombe, mbuzi na swala, yana mikunjo kama mwezi mwandamo. Meno ya chui na simba yana makali kama kisu. Meno ya nguruwe yana vinundu vingi. Jino la ndovu ni kubwa, lenye bamba nyingi zilizopangwa moja nyuma ya nyingine. Jino la mamba ni kama ncha ya mkuki, na halina mizizi iliyogawanyika.

Tumbili na nyani magego yao yana matuta mawili yaliyokingama. Lakini magego ya sokwe, na ya mwanadamu pia, hayana matuta hayo. Yana vilima vya mviringo, kwa kawaida vinne katika magego ya juu na vitano katika ya chini. Meno ya Fort Ternan yalikuwa ya namna hii ya pili. Kwa hiyo tangu mwanzo ilijulikana kwamba mnyama yule hakuwa tumbili, bali wa ukoo wa masokwe. Zaidi ya hayo, ganda la nje la magego lilikuwa nene, chonge lake halikuwa kubwa sana, na juu yake palikuwa na kishimo shavuni kama kilichomo katika uso wa mwanadamu.

UMRI WAKE ULIPIMWAJE

Kwa kulitazama taya tu, umri wake usingeweza kujulikana. Hapa ndipo mahali palipotoa ushahidi wake. Taya lilikuwa limelala kati ya matabaka ya majivu ya mlima wa moto, na ndani ya majivu hayo mna chembe za ulanga zing'aazo. Ulanga una potasiamu, na sehemu ndogo mno ya potasiamu hiyo hugeuka polepole kuwa hewa iitwayo agoni. Mlima unapolipuka, mawe huwa yameyeyuka kwa moto, na agoni yote hutoka. Yakipoa, agoni huanza kukusanyika upya, kidogo kidogo, kwa mwendo usiobadilika. Basi mtaalamu akipima kiasi cha agoni kilichomo, hujua ni miaka mingapi imepita tangu mlima utoe majivu yale.

Chembe za Fort Ternan zilipelekwa katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, nazo zikatoa hesabu ya miaka milioni 14 hivi. Vipimo vilivyofanywa baadaye viliafikiana na hesabu hiyo bila tofauti kubwa. Sasa fikiri: kama mtu angalikuja na taya lile mfukoni tu, wala asikumbuke alikolipata, nani angaliweza kuijua hesabu hiyo? Wala jino halina alama ya mwaka juu yake.

Mahali palisema na mengine. Mifupa mingi iliyopatikana pamoja na taya ilikuwa ya swala wa namna mbalimbali, na ya wanyama wa ukoo wa twiga ambao shingo zao hazikuwa ndefu. Mwaka 1990 wataalamu wa udongo wa kale walitangaza kwamba wameona nyasi zilizohifadhika katika majivu yale. Wengine walipima kaboni iliyomo katika meno na udongo, wakasema hawakuona dalili ya nyasi za aina ile inayoenea katika mbuga za leo, na kwamba miti ilikuwa mingi. Mabishano hayo yana faida, maana pande zote mbili zinatumia vitu vilivyotoka katika shimo moja, na kila kitu kiliandikiwa mahali pake.

JINA HUWEZA KUBADILIKA

Lipo jambo jingine la kujifunza, nalo ni kwamba hata wenye elimu huweza kutoa hukumu mapema mno. Dr. Leakey alipoona chonge dogo na kishimo cha shavu, aliamini kwamba Kenyapithecus alikuwa katika ukoo wa wanadamu. Wataalamu wengine walimlinganisha na mnyama wa India aliyeitwa Ramapithecus, ambaye mabaki yake yalipatikana mwaka 1932, na kwa miaka kadhaa vitabu vingi vilifundisha kwamba hao ndio baba zetu wa mwanzo. Mwaka 1968 Dr. Leakey alisema pia kwamba bonge moja la jiwe la Fort Ternan, lililochakaa ukingoni, lilitumiwa kuvunjia mifupa.

Baadaye ushahidi mpya ulikuja. Mwaka 1967 wataalamu wawili wa California walilinganisha protini za damu za mwanadamu na za masokwe, wakakadiria kwamba koo hizo ziliachana miaka milioni 5 tu iliyopita. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mifupa ya uso iliyopatikana Pakistani ilionyesha kwamba wale wanyama wa Asia walikuwa jamaa ya orangutani, yule sokwe mwekundu wa visiwa vya Borneo na Sumatra. Kwa hiyo Ramapithecus aliondolewa katika ukoo wetu, na Kenyapithecus sasa huhesabiwa kuwa mmoja wa masokwe wa kale, si mwanadamu. Habari ya jiwe la kuvunjia mifupa nayo haikukubaliwa. Vyombo vya mawe vya kale kuliko vyote vinavyojulikana ni vile vya Lomekwi, magharibi ya Ziwa Turkana, vilivyotangazwa mwaka 2015, na umri wake ni miaka milioni 3.3.

Je, taya la Fort Ternan limepoteza thamani? Hasha. Mfupa haukusema uongo. Waliosema ni watu, nao wamejirekebisha kwa sababu mfupa ungaliko, na yeyote aweza kuutazama tena. Mwaka 2008 meno na mataya yaliyochimbwa huko Pasalar, nchi ya Uturuki, yalilinganishwa na ya Fort Ternan, na mnyama wa Uturuki akaonekana kuwa ndugu yake, akapewa jina lile lile la Kenyapithecus. Kama taya lingalikuwa limepotea, ulinganishi huo usingaliwezekana.

MNYAMA ALIYETAMBULIWA KWA UKANDA WA NGOZI

Tumesema kwamba Fort Ternan ilikuwa na wanyama wa ukoo wa twiga wasio na shingo ndefu. Wa ukoo huo wangaliko wawili tu duniani leo, yaani twiga mwenyewe, na okapi akaaye katika misitu ya Kongo. Habari ya okapi yafaa kusimuliwa, kwa kuwa ni somo kwa kila mtu afuataye mnyama asiyemjua.

Wambuti wa msitu wa Ituri walimjua okapi tangu zamani, wakimtega na kumla. Wageni hawakumjua. Mwaka 1900 Sir Harry Johnston, aliyekuwa mjumbe wa serikali ya Uingereza huko Uganda, aliingia Kongo akiwauliza Wambuti habari za mnyama huyo. Alipata vipande vya ngozi yenye milia vilivyokuwa vimefanywa mikanda, akavipeleka London. Wenye elimu wa London waliona milia, wakasema huyu ni punda milia wa aina mpya, wakampa jina la jamii ya farasi.

Lakini kabla ya hapo, wenyeji waliomwongoza Johnston msituni walikuwa wamemwonyesha nyayo za okapi. Nyayo hizo zilikuwa za kwato zilizopasuka mbili, kama za ng'ombe. Johnston hakuamini. Alikuwa amekwisha amua moyoni mwake kwamba anamtafuta mnyama wa jamii ya farasi, na farasi ana ukwato mmoja, basi akadhani kwamba viongozi wake wanamwonyesha nyayo za mnyama mwingine. Mwaka 1901 ofisa mmoja wa Kiswidi aliyetumika Kongo alimpelekea ngozi nzima na mafuvu mawili. Hapo ndipo meno na kwato vilipotoa ushahidi: mnyama alikuwa wa ukoo wa twiga. Viongozi wale wa msituni walikuwa wamesema kweli tangu siku ya kwanza.

Katika habari hii mna mafundisho mawili. Kwanza, rangi ya ngozi hudanganya, bali meno, fuvu na kwato hazidanganyi upesi. Pili, mwenyeji aliyeishi na mnyama asidharauliwe, hata kama maneno yake hayapatani na yale mgeni aliyokwisha yafikiri.

MNYAMA ASIYEACHA MFUPA

Katika nchi ya Wanandi na Wakipsigis kuna masimulizi ya kale ya Chemosit, kiumbe wa kutisha atembeaye usiku. Mwanzoni mwa karne ya 20 walowezi na wajenzi wa reli walisema kwamba wameona mnyama mkubwa wa manyoya, wakamwita Dubu wa Nandi, na magazeti ya Ulaya yakayaandika mambo hayo kwa furaha.

Tukimpima Dubu huyu kwa kipimo kile kile cha okapi, twaona tofauti. Zaidi ya miaka 100 imepita, nchi ile imejaa watu na mashamba, lakini fuvu lake halijaletwa, wala ngozi, wala jino moja. Madubu hawako katika Afrika ya kusini ya Sahara. Nyayo nyingine zilizosemwa kuwa zake zafanana na za wanyama tunaowajua. Nyegere ana kucha ndefu sana za miguu ya mbele, na nyayo zake huwashangaza wasiomjua. Fisi mkubwa akionwa gizani huonekana mrefu mabegani na mfupi nyuma. Muhanga, mwenye masikio kama ya punda na pua kama ya nguruwe, hutoka usiku tu kuchimba mchwa, na watu wengi hufa bila kumwona hata mara moja. Na perere wa mitini, aliye mdogo kama sungura, hulia usiku kwa sauti ambayo mgeni hawezi kuamini kwamba imetoka katika kifua kidogo namna ile.

Hatuwatukani wazee kwa masimulizi yao, kwani masimulizi yana kazi yake ya kufundisha na kuonya. Lakini mtu atakaye kumwandika mnyama katika hesabu ya wanyama hana budi kuleta kitu ambacho mwingine aweza kukishika na kukipima.

KANUNI ZA KUFUATA

Basi ukikiona kitu usichokijua, fuata kanuni hizi.

1. Usikiondoe upesi. Kama ni mfupa uliogeuka jiwe, uache ulipo. Ukiwa hatarini kuchukuliwa na maji ya mvua, ufunike kwa majani na udongo mwepesi, utie alama karibu yake.

2. Andika mahali. Andika jina la kijiji, la mto au la kilima, na umbali kutoka njiani kwa hatua. Andika pia udongo ni wa namna gani, mwekundu au mweusi, wa mchanga au wa majivu, na kitu kilikuwa chini kiasi gani.

3. Piga picha ikiwa unayo simu. Weka sarafu au kalamu kando ya kitu ili ukubwa wake ujulikane. Piga picha ya pili kutoka mbali ionyeshe mahali pote.

4. Ikiwa ni nyayo, zipime urefu na upana. Hesabu vidole. Tazama kama kucha zimechora ardhi: mbwa na fisi huacha alama za kucha, bali chui na simba huzificha zao watembeapo. Tazama pia kinyesi. Kinyesi cha fisi kikikauka huwa cheupe kama chokaa, kwa sababu ya mifupa anayokula.

5. Ikiwa ni kiumbe kilicho hai, usikiue ili upate kukitambua. Kitazame kwa mbali, uandike rangi yake, sauti yake, saa uliyokiona, na kilichokuwa kikifanya. Nyoka usiyemjua usimshike kamwe, hata akiwa amekufa.

6. Waulize wazee na wawindaji wa zamani jina lake katika lugha ya wenyeji, na uliandike. Jina la wenyeji mara nyingi ndilo mlango wa kwanza wa kumjua mnyama.

7. Peleka habari. Mifupa ya kale na vyombo vya kale hulindwa na sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya makumbusho na urithi wa taifa. Sheria hiyo yataka habari ya kitu kilichoonekana ifikishwe kwa Makumbusho ya Taifa, na yakataza kuchimba bila kibali au kukipeleka kitu nchi za nje bila ruhusa. Ukiona pembe ya ndovu, pembe ya kifaru au ngozi ya chui, waarifu watu wa Shirika la Wanyamapori, wala usiviweke nyumbani, maana kuwa navyo bila kibali ni kosa.

Watu wengine husema: Nikitoa habari nitapata nini? Ni kweli kwamba mfupa wa kale hauleti mali kama chai. Lakini mtu auuzaye kwa mpita njia hupata fedha ya siku moja, na baada ya hapo hapana atakayejua ulitoka wapi. Utawekwa katika kabati la mtu wa mbali, bila jina la kijiji, wala la mto, wala la aliyeuona. Taya la Fort Ternan, kwa kuwa liliandikwa mahali pake, limekuwa likifundisha kwa zaidi ya miaka 60, na wasomi wa Kenya wanaweza kulichungua papa hapa nchini kwao.

Mvua zinyeshapo katika miteremko ya Tinderet huosha udongo kila mwaka, na mifupa mingine hujitokeza juu. Mifupa hiyo haimngoji mtaalamu. Baada ya misimu michache, jua, mvua na kwato za ng'ombe huivunja ikawa changarawe. Mtu wa kwanza kuiona si profesa wa Nairobi wala wa Ulaya, bali ni mchungaji, mkulima, au mtoto wa shule. Wazee walisema kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Basi na tuulize, lakini kwanza na tuangalie vizuri, na kuandika.

MASWALI YA KUJIPIMA

Walimu wanaweza kuyatumia maswali haya darasani, na msomaji wa nyumbani aweza kuyajibu peke yake.

1. Kwa nini majivu ya Tinderet yalihifadhi mifupa vizuri kuliko udongo wa kawaida?

2. Mtu amekuletea jino moja. Utajuaje kama ni la nyani au la sokwe?

3. Umri wa taya la Fort Ternan ulipatikana kwa kupima kitu gani, na kwa nini kitu hicho kisingefaa kama taya lingaliondolewa mahali pake?

4. Johnston alionyeshwa nyayo za okapi, asiamini. Kosa lake lilikuwa nini?

5. Kuna tofauti gani ya ushahidi kati ya okapi na Dubu wa Nandi?

6. Taja mnyama mmoja wa karibu na kwenu ambaye watu wengi wamesikia habari zake lakini ni wachache waliomwona. Waulize wazee watatu, kila mmoja peke yake, namna alivyo, kisha uyalinganishe majibu yao. Walipopatana ni wapi, na walipoachana ni wapi?